Upepo wa Mama Robi

Bhoke hakuiomba kazi ile. Ilimfuata nyumbani siku mumewe aliporudi na mkono umefungwa mbao, ukining'inia shingoni kwa kitambaa cheupe.

Werema, mumewe, alikuwa akijaza upepo magurudumu ya magari pale kwenye bomba la petroli la Bwana Premji, mjini Tarime. Pampu ilikuwa yake mwenyewe. Aliinunua aliporudi kutoka vitani. Asubuhi ile dereva mmoja alimwomba amsaidie kuwasha gari kwa hendeli. Injini ilishika ghafla, hendeli ikarudi nyuma kama teke la punda, na mfupa ukavunjika. Mganga wa zahanati alimwambia asiinue hata kikombe mpaka mvua za vuli.

Kesho yake Bhoke aliamka, akakamua ng'ombe, akajitwika pampu kichwani.

"Unakwenda wapi na pampu yangu?" Werema aliuliza kutoka kitandani.

"Kazini."

"Kazi ya nani?"

"Yako. Si umelala?"

Werema alicheka mpaka mkono ukamuuma. Alidhani mkewe angerudi kabla ya saa sita. Bhoke alirudi jioni, mabega yakiwaka moto, viganja vimetoka malengelenge. Alikaa karibu na jiko, akanyoosha miguu, akatabasamu peke yake. Alikuwa amejaza lori zima.

Pampu ile ilikuwa ya kusimama. Mtu hukanyaga vikanyagio vyake viwili, hushika mpini kwa mikono yote, akainama na kuinuka, akainama na kuinuka, mpaka gurudumu lililokaa kama mkate wa jana liinue gari. Gurudumu la gari dogo si kitu. La lori hukausha mate. Bhoke alijifunza kutotumia mikono peke yake. Alishuka kwa uzito wa mwili wote, kama anavyoshuka mwanamke anaposaga ulezi juu ya jiwe. Alipomaliza alilipapasa gurudumu kwa kiganja kama anayepapasa tumbo la ng'ombe mwenye mimba, kisha ndipo alipoweka kipimo cha Bwana Premji. Baada ya majuma machache madereva wa Musoma walikuwa wakisema kwamba upepo wa Mama Robi, kama walivyomwita kwa jina la binti yake, haukimbii. Aliposikia hivyo kwa mara ya kwanza aligeukia ukuta wa duka ili wasimwone anavyofurahi.

Shida ilikuwa malipo.

Kila gurudumu lilikuwa senti kumi, na hela ya upepo ilikuwa ya mwenye pampu. Bwana Premji aliridhika na petroli yake. Lakini wakati wa Werema hiyo ilikuwa bei ya wageni tu. Werema alitahiriwa pamoja na nusu ya wanaume wenye magari pale mjini, na mtu hamdai mwanarika mwenzake kwa ajili ya upepo. Asiyekuwa rika alikuwa ukoo. Asiyekuwa ukoo alikuwa shemeji. Kwa miaka mingi pampu ilimzalishia Werema marafiki wengi na mgongo mbovu.

Bhoke alibadilisha hayo siku ya kwanza. "Ukoo uko nyumbani," aliwaambia. "Njooni nyumbani mtakunywa uji. Hapa kuna pampu."

Wengine walinung'unika wakalipa. Aliyekataa kabisa ni Mseti, mchuuzi wa ng'ombe, mtu mwenye tumbo kubwa na gari dogo la mizigo, rika moja na Werema.

"Mama Robi, upepo ni wa Mungu," alisema siku moja mbele ya watu. "Tangu lini Mungu akakuweka karani wake?"

"Kweli ni wa Mungu," Bhoke alijibu huku akijifuta jasho. "Basi peleka gari lako kanisani, ukamwombe akujazie."

Watu walicheka. Mseti hakucheka. Aliingia dukani, na tangu siku hiyo kila alipokuja kulikuwa na kelele. Hatimaye Bwana Premji alimwita Bhoke kando. Alikuwa mtu mpole, aliyechukia ugomvi kuliko alivyopenda faida.

"Mama Robi, mimi sina neno na kazi yako," alisema. "Lakini Mseti anasema huwatozi watu kwa haki. Anasema unatoza rika la mumeo, ila siku akija ndugu yako wewe utamwachia. Anataka upepo uwe bure kwa kila anayenunua petroli, na mlinzi wangu ndiye ajaze, kwa pampu nitakayonunua mwenyewe. Watu wengi wanakubaliana naye. Mnada wa wiki hii nitatazama. Pakiwa na vurugu tena, nitafanya hivyo."

Bhoke alirudi nyumbani. Hakumwambia mtu kilichomuuma. Tangu azaliwe alilima shamba la baba yake, halafu shamba la mumewe. Ng'ombe aliowakamua walikuwa na wenyewe. Kuku tu ndio walikuwa wake, na hao mwewe aligawana naye. Hela ya upepo ilikuwa kitu cha kwanza kuingia mkononi mwake kikiwa hakijapita kwa mtu mwingine.

Siku ya mnada ng'ombe walianza kupita alfajiri, na vumbi likafuata. Werema naye alikuja, akakaa juu ya pipa tupu kivulini mwa duka, mkono shingoni. Hakuwa amekwenda pale tangu avunjike. Bhoke aliona anavyoyatazama malengelenge yake yaliyogeuka sugu.

Jua lilipopanda, lori liliingia kutoka upande wa Nyamwaga, limejaa magunia na ngozi za ng'ombe, linachechemea kama mbuzi mwenye mwiba. Magurudumu ya nyuma yalikuwa yamelala, na ya mbele yalikuwa yakifuata. Dereva hakusimama kwenye bomba; aliliendesha lori lake mpaka pale pale alipokuwa Bhoke, akamnyima nafasi, gurudumu la mbele likasimama juu ya mpira wa pampu.

"Wewe mura, kijana wewe!" Bhoke alipiga kelele, akaupiga mlango wa lori kwa kofi. "Macho yako umeyaacha mnadani? Rudi nyuma! Unaikanyaga pampu yangu!"

Kijana alitoa kichwa dirishani. "Mama, punguza sauti, lori si baiskeli! Nina haraka ya kuwahi kivuko cha mto pale Kirumi!"

"Haraka yako imekalia mpira wangu! Rudi nyuma, kichwa maji wewe!"

Walitazamana macho kwa macho, wote wamekasirika. Kijana alikuwa na uso mzuri, pua nyembamba, kovu dogo juu ya jicho. Bhoke alikuwa anafungua kinywa aongeze neno, ndipo mlango wa upande wa pili ulipofunguka na msichana mwenye tumbo kubwa akashuka huku amejishika kichwa.

"Mama! Yuuu, mama yangu! Ni yeye!"

Alikuwa Robi, binti yake, aliyeolewa ng'ambo ya Mto Mara upande wa Mugumu. Na "yeye" alikuwa Nashoni, mume wa Robi.

Mtu wa mbali anaweza kuuliza, mama atashindwaje kumjua mkwewe? Lakini kwa Wakurya mama mkwe na mume wa binti yake hawatazamani usoni. Wakikutana njiani mmoja huingia kichakani. Hawapeani kitu mkono kwa mkono, hawaitani kwa majina, wala hawasemeshani. Si chuki hata kidogo, ni heshima. Siku ya harusi Bhoke aliinamisha macho tangu asubuhi, na alichokiona cha mkwewe kilikuwa viatu. Nashoni naye aliona ncha za khanga. Walikuwa hawajawahi kuonana, kwa sababu walikuwa wakiheshimiana vizuri mno.

Na sasa alikuwa amemwita kichwa maji.

Bhoke alijifunika khanga kichwani, akakimbilia nyuma ya mapipa. Nashoni alianguka chini ndani ya lori kana kwamba amepigwa risasi. Kofia yake tu ilibaki dirishani, kisha nayo ikavutwa. Halafu mnada mzima ulicheka. Wapo waliokaa chini. Hata Werema alilazimika kuushika mkono wake mbovu.

Nyuma ya mapipa Robi alimkuta mama yake. Walikuwa hawajaonana tangu harusi. Alikuwa amekuja kujifungulia nyumbani, kama ilivyo kwa mtoto wa kwanza, na Nashoni, aliyepata kazi ya udereva msimu huo, alikuwa amemchukua njiani akielekea Musoma. Bhoke alimshika mashavu, akamshika tumbo, akacheka na kutokwa machozi kwa pamoja.

"Umenenepa."

"Na wewe umekuwa na mabega kama ya tata," alisema Robi, akimaanisha baba yake. Kisha akashusha sauti. "Mama, ni kweli unafanya kazi hii? Tulisikia huko Mugumu, nikasema ni uongo wa watu. Mbele ya wakwe, mama?"

Neno hilo lilimchoma Bhoke. Kabla hajajibu, sauti ya Mseti ilisikika upande wa pili.

"Ndugu zangu, leo ndiyo leo! Bwana Premji, toka nje uone! Mkwe wa Mama Robi amekuja na magurudumu yaliyolala. Yeye hawezi hata kumkaribia. Na akimkaribia, hawezi kumdai. Nyie mnalipa, mkwe hatalipa. Je, sikusema?"

"Basi mwache mama wa watu," mmoja alisema. "Atajaza nani?"

"Mimi!" Mseti alivua koti. "Mimi nitajaza, na bure. Muone upepo una kazi gani."

Aliishika pampu, akaufunga mpira kwenye gurudumu la nyuma, akaanza. Alipiga pampu kwa mikono tu, haraka haraka, tumbo likitangulia mpini. Watu walimhesabia kwa sauti. Walipofika thelathini alikuwa amelowa. Walipofika hamsini alisimama kushika kiuno. Mtu mmoja aliinama kutazama gurudumu.

"Mseti, lilikuwa juu zaidi ulipoanza."

Hakuwa ameukaza mpira. Upepo uliokuwamo ndio uliokuwa ukitoka, polepole, ukimpuliza miguuni. Kicheko cha safari hii kilikuwa kikubwa kuliko cha kwanza. Lakini Mseti hakuwa mtu wa kunyamazishwa na kicheko. "Hata hivyo!" alisema akihema. "Hata hivyo nimemfanyia bure! Huyo mama mkwe atafanya nini?"

Bhoke aliyasikia yote. Angeweza kukaa nyuma ya mapipa mpaka lori liondoke likiwa hivyo hivyo, na hakuna ambaye angemlaumu. Mila ilikuwa upande wake. Lakini Nashoni hangefika Kirumi na magurudumu yale, na kesho mlinzi wa Bwana Premji ndiye angekuwa akijaza upepo. Na kama angejaza bila kudai, Mseti angekuwa amesema kweli.

Alijifunga khanga upya kiunoni, nyingine akaitupia kichwani ikamfunika uso nusu.

"Robi, mwambie mumeo ashuke kwa mlango wa kule. Nikiwa upande huu wa lori, yeye awe upande ule. Nikizunguka, naye azunguke."

"Mama!"

"Mwambie. Kisha simama katikati, uwe macho yetu."

Ndivyo ilivyokuwa. Bhoke alitoka nyuma ya mapipa akiwa ameinamisha kichwa, akaukaza mpira, akakanyaga vikanyagio. Akashuka, akainuka. Hakuwatazama watu. Pampu ililia mlio wake ule ule, na polepole lori likaanza kujinyoosha mgongo. Upande wa pili Nashoni alisimama ameupa mgongo umati, kofia usoni, kama mtu anayesubiri mvua ipite.

"Mama anakwenda nyuma!" Robi aliita.

Nashoni akaenda mbele.

"Mama anakuja upande wako!"

Nashoni akakimbia upande wa pili, akajikwaa kwenye debe, akainuka bila kugeuza shingo. Wachuuzi waliwaacha ng'ombe wao wakaja kutazama. Walicheka, lakini kicheko kilikuwa kimebadilika. Walikuwa wakicheka kama watu wanaotazama ngoma inayochezwa vizuri. Mzee mmoja alisema, "Mnaona? Hawajakosea hata mara moja." Kona moja tu Bhoke alimaliza mapema kuliko walivyotarajia, na Robi akapiga yowe, Nashoni akajitosa kati ya ngozi za ng'ombe zilizokuwa zimening'inia nyuma ya lori, akabaki humo mpaka alipoambiwa atoke.

Gurudumu la mwisho lilipojaa, Bhoke alilipapasa kwa kiganja, akaweka kipimo, akamwonyesha Bwana Premji aliyekuwa amesimama mlangoni. Bwana Premji akatikisa kichwa kukubali. Nguo ya Bhoke ilikuwa imegandana na mgongo. Hakukaa.

"Robi," alisema kwa sauti iliyofika mpaka kwa wenye ng'ombe. "Mwambie mwenye lori, ni magurudumu sita. Kila moja bei yake ni ile ile ya watu wote."

Robi alimsogelea. "Mama, kweli? Ni lazima?" alinong'ona.

"Mwambie."

Mseti ndiye aliyejibu. "Haya! Sikieni maajabu! Mtu ameleta ng'ombe ishirini na watano kwa binti yake, na leo anadaiwa upepo! Werema! Werema, rika langu, umekaa hapo juu ya pipa kama kifaranga? Mwambie mkeo!"

Watu wote waligeuka. Werema alijishusha kutoka kwenye pipa taratibu, akasimama. Bhoke alishika mpini wa pampu kwa nguvu. Hili ndilo aliloliogopa kuliko Mseti na kuliko Bwana Premji.

"Mseti," alisema Werema, "mimi nilikujazia wewe miaka mitano bure. Siku nilipovunjika hukuja hata kuniuliza hali. Pampu iko mkononi mwake. Muulize yeye."

Bhoke alivuta pumzi. Alipoanza kusema hakuwa anapiga kelele tena.

"Ng'ombe uliowataja, Mseti, walikuja kwa ajili ya Robi. Waliingia zizini kwa watu wa Werema, na kaka yake Robi akaoa kwa hao hao. Hakuna ukwato hata mmoja uliokuwa wangu, na sikulalamika; ndivyo tulivyo. Lakini mikono hii hailetewi mahari. Hii ni kazi. Nikimwachia mkwe wangu nitakuwa nimesema si kazi, ni mchezo wa mwanamke anayeshinda mjini. Alipe kama mnavyolipa, na ninyi mlipe kama yeye."

Kutoka nyuma ya lori ilisikika sauti ya kijana. Hakuwa anamsemesha mama mkwe. Alikuwa anamsemesha mkewe, kama inavyotakiwa, ila alisema kwa nguvu ya kuwafikia wote.

"Robi! Mimi ni dereva. Nimejaziwa upepo Musoma, nimejaziwa Kisii, nikalipa, na njiani nikasimama tena. Hapa naona lori limesimama kama siku lilipotoka kiwandani. Mwambie mama yako nisipolipa nitaona aibu kukanyaga mafuta. Na mwambie asamehe mpira niliokanyaga."

"Amesikia," Robi alisema.

Nashoni aliweka shilingi moja kwenye bati la juu ya gurudumu la mbele, akazunguka upande wa pili. Robi akanyoosha mkono amchukulie mama yake.

"Iache," Bhoke alisema.

Akaenda mwenyewe. Alitembea polepole mbele ya watu wote, akaichukua, akahesabu chenji yake kutoka kwenye pindo la khanga, akaiweka pale pale ilipokuwa hela. Hakupunguza senti wala hakuongeza. Kisha akarudi kwenye pampu yake.

Lori liliondoka kuelekea Kirumi likiwa limenyooka, honi ikilia mfululizo mpaka mtelemkoni, ingawa hapakuwa na ng'ombe barabarani. Bwana Premji alishuka ngazi za duka. Hakuwa mtu wa hotuba.

"Petroli mnanilipa mimi," aliwaambia waliobaki. "Upepo mnamlipa Mama Robi. Kila mtu. Anayetaka kubishana akabishane na mkwe wake." Akaingia ndani.

Mseti alisimama kidogo karibu na gari lake, koti mkononi. Gurudumu lake moja lilikuwa limelala, na kila mtu aliliona. Alikohoa, akatazama mbali, akatazama karibu. Mwishowe akalisukuma gari lile kwa mkono mpaka nyuma ya magari mengine mawili yaliyokuwa yakisubiri zamu, akatoa senti kumi, akazishika wazi kiganjani ili watu wasiseme kitu.

Robi alikuwa amekaa juu ya pipa ubavuni mwa baba yake. Kila aliyepita na kumtazama alimwambia bila kuulizwa, "Yule ni mama yangu."

"Nikusaidie mpini?" aliita.

"Kwa tumbo hilo? Kaa hapo hapo," alisema Bhoke. Alitemea viganja mate, akavisugua, akayanyoosha mabega yake mapya. "Haya, nani anafuata? Sogeza gari. Na utazame mpira wangu!"